Mwitikiaji wa Bibi Kabula

Kaeni vizuri, sogezeni hivyo vigoda, na mtu asiniachie nafasi wazi hapo katikati. Adventina, wewe kaa bega kwa bega na Selina. Chai iko jikoni, itakuja. Ila nikisimulia mimi, itikieni. Sitaki watu wanikodolee macho kama wanasikiliza taarifa ya habari. Nikisema jambo semeni "eee", nijue mpo. Nina sababu yangu, na mtaijua.

Jambo lenyewe lilimpata huyu mdogo wangu, Selina. Mnamwona alivyo. Ukimwita anasema "abee", ukimuuliza anasema "ndiyo". Hilo neno ninalowaomba ninyi mlitamke, yeye halitamki, na mimi ndiye niliyemkataza. Mkimaliza kusikia mtanielewa.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, biashara imefunguliwa, Mwanza imechangamka vibaya. Kila mtu anauza kitu. Ndege zinatua kuchukua minofu ya sangara, sisi wenye ziwa tunagombania mapanki, ile mifupa inayobaki. Maghala ya pamba yanageuzwa, majumba ya zamani yanabomolewa, na mtu akipita akauliza hapa palikuwa na nini, hakuna anayejua. Hapo ndipo Mzee Bagenda alipoanzisha chama chake, Chama cha Urithi wa Ziwa. Mzee Bagenda alikuwa Mhaya, mwalimu mstaafu, Mlutheri wa kweli kweli, suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata nyanya. Walipata chumba kimoja ghorofani, kwenye jengo la zamani karibu na stesheni ya reli, mwisho wa korido ndefu, na nyuma kuna ngazi za saruji zinazoshuka hadi majini.

Chama kilikuwa na jarida lake, kurasa chache za kurudufu. La katikati ya mwaka mzee aliliita Habari za Kipupwe. Sisi tunasema tu baridi ya asubuhi. Yeye anasema kipupwe. Mwalimu ni mwalimu. Humo utasoma fulani ameleta picha ya gati la kwanza, wanachama wamesafisha makaburi ya zamani, nyumba fulani imepata mnunuzi na chama kinasikitika. Kila toleo chama kilikuwa kinasikitika.

Selina ndiye aliyekuwa mchapaji. Mama yetu, kabla hajafa, alinishika mkono akaniambia, "Suzana, huyu usimwachie mtu." Ndugu mwingine sina. Kwa hiyo sikupenda. Mzee mgane na binti wa watu kwenye chumba kimoja, mashine ya kuchapa ikinyamaza wanafanya nini? Nilishuku, sioni aibu kusema. Mimi hata muuza mchicha namwangalia mara mbili. Jumamosi moja Selina akaniambia wanakwenda Buswelu kumrekodi bibi mmoja kwa ajili ya Habari za Kipupwe. Nikafunga meza yangu ya vitenge pale Mabatini, nikapanda gari pamoja nao bila kualikwa. Mzee Bagenda akasema, "Karibu, mwanangu." Nikasema, "Asante, nimeshakaribia."

Gari lilikuwa pikapu ya Masele, kijana mkulima wa huko, mjukuu wa huyo bibi. Buswelu ya wakati ule si hii ya viwanja na mabati. Ilikuwa mashamba, mawe na ng'ombe. Tulimkuta Bibi Kabula ameketi uani, mdogo wa umbo, mguuni ana katambuga, zile ndala za tairi, kamba moja imekatika ameifunga kwa waya wa buluu. Macho yake mekundu. Alikuwa anapikia samadi maisha yake yote, na moshi wa samadi mnaujua. Lakini mnajua vilevile kwamba miaka ile, huku kwetu, bibi mwenye macho mekundu alikuwa halali usingizi mzuri. Wengine waliuawa kwa macho tu, wakiitwa wachawi.

Tukamsalimia mwangaluka, kwa Kisukuma, akaitikia vizuri, akatandika mkeka. Mzee Bagenda akaweka redio kaseti katikati, akamweleza anachotaka: hadithi ya lile jiwe la ziwani ambalo watu wa kale walikuwa wanalisimulia.

"Mchana hatusimulii," akasema bibi. "Na nani ataitikia?"

"Hakuna kuitikia, bibi. Sauti zikichanganyika, huyu binti atashindwa kuchapa. Tunataka sauti yako peke yake, safi kabisa."

Bibi akamtazama kama mtu aliyeambiwa apike bila maji. Akasema kwao hadithi ina watu wawili. Mmoja anasimulia, mwingine anaitikia kila kipande. Wa kwanza akimaliza, zamu inageuka, yule wa pili anasimulia na wa kwanza anaitikia. Tangu utotoni aliyekuwa akimwitikia ni kaka yake, Chenge.

"Yuko wapi tumwite?" Mzee Bagenda akauliza.

Masele akakohoa, akatazama pembeni. Bibi mwenyewe ndiye aliyejibu. Chenge alikwenda ziwani akiwa bado kijana, kufuata ndama aliyepotea kwenye mawe. Ndama alirudi. Chenge hakurudi, vilionekana viatu vyake tu, vya ngozi ya ng'ombe, vimepangwa sawasawa juu ya jiwe, vinatazama maji.

Pole zikasemwa. Kisha Mzee Bagenda, maskini, akitaka kumchangamsha, akagonga ile redio kwa kidole akasema, "Basi leo kaseti itakuitikia."

Bibi hakucheka. "Ukiacha nafasi wazi kwenye mkeka," akasema, "usilalamike akikaa usiyemwalika."

Akaanza. Sitaki kuirudia hadithi yenyewe, naruka. Ila niliona jambo. Kila akimaliza kipande alinyamaza kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akaendelea. Sisi tumefunga midomo. Kuku wanaparua, Masele anachora chini kwa kijiti, bibi anatikisa kichwa. Mpaka akafika mwisho. Akageuza uso kutazama ile sehemu ya mkeka ambayo hakuna aliyekuwa amekaa, akasema taratibu, "Haya. Zamu yako."

Halafu akachukua pindo la khanga, akajiziba mdomo. Akalibana kwa mikono yote miwili. Mzee Bagenda akadhani analia, akatupa ishara tumwache. Tukakaa hivyo, kaseti inazunguka, hakuna anayesema kitu, mpaka ikafika mwisho ikajizima. Ndipo bibi akashusha khanga. Alikuwa anatoka jasho, na baridi ilikuwepo.

Tunaaga, akanivuta kiganja. Akaninong'oneza, "Atakayesikiliza huko mwishoni, asiitikie."

"Akiitikia?"

"Hadithi itaendelea mpaka iishe. Na ikiisha, kwetu mwitikiaji humsindikiza msimuliaji mpaka kwake."

Nilivuta mkono wangu. Jamani, nilimwona mchawi mchana kweupe. Ndani ya gari nikamwambia Selina kila neno. Yeye akacheka. "Dada, basi mimi nimekwisha. Nikichapa huwa nasemaga 'eee' kila sentensi nikishaishika, ndipo nasimamisha kaseti niandike. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni." Mzee Bagenda naye akacheka. Mimi sikucheka.

Itikieni, bwana, msinisinzie.

Jumatatu Selina alirudi kutoka kazini, akavua viatu vyake ovyo kama kawaida yake, kimoja huku kimoja kule, akaniuliza, "Dada, kule kwa bibi, nani alikuwa anaitikia?"

Nikamwambia hakuna, tulikatazwa. Akasema, "Mbona kwenye kaseti yupo?"

Kesho yake nilikwenda mwenyewe. Nikavaa vile vidude vya masikioni, Selina akabonyeza. Sauti ya bibi ikatoka, safi. Akamaliza kipande, akanyamaza. Na pale aliponyamaza, sauti ya mwanamume kijana ikasema, "Eee." Karibu kabisa. Bibi alisikika kama mtu aliyekaa uani. Huyu alisikika kama mtu aliyeweka mdomo kwenye sikio langu.

Sasa mimi kichwa changu hakikimbilii mizimu. Kinakimbilia watu. Nikamgeukia Mzee Bagenda. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo yako nimekupa, sasa nipe ukweli." Akasema kaseti ilikuwa ya zamani, kwaya ya kanisani ilirekodiwa humo, labda mabaki. Nikamwambia, kwaya gani hiyo inayojua bibi atanyamaza wapi? Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akavua tena. Nikaona huyu ana lake. Nikaagiza Masele aitwe, maana ndiye kijana pekee aliyekuwepo uani. Akaja na pikapu yake, akasikiliza kidogo tu, akavitoa vile vidude kama vimemuunguza.

"Si mimi, dada."

"Ni nani basi?"

"Mimi sijui. Ila bibi akiwaga peke yake jikoni anasimulia, na huwa ananyamaza hivyohivyo." Akaondoka bila kuaga. Nikamshuku naye. Niliwashuku wote kwa zamu: mzee anataka jarida lake lipate umaarufu, kijana anataka kututisha, bibi ni mchawi. Wa kumshuku ambaye sikumfikiria ni yule aliyekuwa anacheka.

Maana Selina aliendelea kuchapa. Ile hadithi aliimaliza upesi. Nikategemea atapewa kazi nyingine, lakini kila siku anakwenda, kila siku kaseti ni ileile.

"Unachapa nini? Si imeisha?"

"Ya bibi imeisha. Huyu mwingine ndiyo ameanza."

"Huko mwishoni hakuna kitu, Selina. Tulikaa kimya. Nilikuwepo."

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Ana hadithi nzuri," akasema.

Kisha likaja hapa nyumbani. Anaosha vyombo, sahani mkononi, anasimama. "Eee." Anaendelea kuosha. Anasonga ugali, mwiko unasimama. "Eee." Tunakula, tonge liko mdomoni, anainua uso kuelekea dirishani kama mtu anayesikiliza jirani. Anameza. "Eee." Mara ya kwanza nilidhani ni mazoea ya kazi. Baadaye nikadhani ni mapenzi, kuna mwanamume nje ya dirisha. Nilitoka na mwiko mkononi, nikazunguka nyumba nzima. Hapakuwa na mtu.

"Unaongea na nani?"

"Siongei, dada. Nasikiliza."

Halafu viatu. Selina tangu mtoto hajawahi kupanga kiatu. Asubuhi moja nafungua mlango nakuta ndala zake kwenye kizingiti zimepangwa pamoja, sawasawa, vidole vinatazama nje. Kule upande wa ziwa. Nikaziokota. Zimelowa. Uani vumbi tupu, mvua haijanyesha tangu masika. Nikanusa. Harufu ya ziwa, ile ya majani na samaki. Kesho yake tena. Na kesho yake tena.

Niliogopa. Sisemi uongo. Nilimshika Selina mabega nikamwambia leo huendi kazini. Akanitoa mikono polepole, kwa nguvu ambazo hakuwa nazo. "Siwezi kumwacha njiani," akasema. "Amebakiza kidogo." Akaenda.

Mimi nikachukua gari la kwanza la Buswelu. Moyoni nimeshapanga maneno ya kumwambia yule bibi, na neno la kwanza lilikuwa mchawi. Masele alinikuta njiani kabla sijafika uani. Nadhani alilisoma usoni kwangu. Akanisimamisha kwenye mtama, akanong'ona.

"Dada Suzana. Hilo neno ukilisema hapa kwa sauti, majirani wakalisikia, bibi yangu hamalizi wiki. Nakuomba. Niite mimi mchawi, lakini yeye usimwite."

Nikalimeza neno. Na namshukuru Mungu nililimeza, kwa sababu ya yaliyofuata.

Bibi alikuwa ameketi palepale. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Anaitikia?"

"Anaitikia."

"Viatu?"

"Vimelowa. Vinatazama ziwa."

Akafumba yale macho yake mekundu. Akaninong'oneza mambo ambayo mengine nimeyasahau, lakini haya nimeyashika. Kwamba Chenge hakuwa mtu mbaya. Kwamba siku alipopotea ilikuwa zamu yake kusimulia, na yeye bibi alikuwa na usingizi, akamwambia utanisimulia kesho. Kwamba tangu siku hiyo kila akisimulia peke yake alimsikia akiitikia, na kila akimaliza alijiziba mdomo, kwa sababu alipenda kuishi. Sasa Chenge amepata mwingine. Mtoto wa watu, ambaye hata hamjui.

"Nifanyeje, bibi? Ni mdogo wangu. Sina mwingine."

Akasema, "Zamu ya kuitikia ilikuwa yangu." Akatafuta fimbo yake. "Masele, washa gari."

Masele alikataa. Alilia, mwanaume mzima. Bibi akamwambia kitu kimoja tu kwa Kisukuma, na Masele akaenda kuwasha gari.

Tulifika mjini jua liko juu ya kichwa. Mjue hilo, haikuwa usiku. Watu wananunua na kuuza, matoroli yanapita, garimoshi linapiga honi stesheni. Tukapanda ngazi. Korido ile ilikuwa na baridi. Mzee Bagenda amesimama nje ya mlango wa chumba chake mwenyewe, shati limemganda mgongoni.

"Amejifungia," akanong'ona. "Tangu asubuhi."

Ndani mashine ilikuwa inalia. Taka, taka, taka. Inanyamaza. "Eee." Taka, taka, taka. "Eee."

Masele akausukuma mlango kwa bega.

Selina alikuwa amekaa wima. Vidole vinakimbia. Mashine haina karatasi. Amevaa vile vidude masikioni, na waya wake unaning'inia. Nikaufuata kwa macho. Haukuwa umechomekwa popote. Redio ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa na kitambaa chake.

"Selina."

"Eee," akasema, lakini si kwangu.

"Selina, mama yangu, twende nyumbani."

"Karibu anamaliza, dada. Wamefika kwenye maji."

Nilitaka kumrukia. Bibi Kabula akanizuia kwa fimbo. Akaenda mpaka pale, polepole, katambuga zinaburuta kwenye saruji. Akamvua Selina vile vidude kichwani, kwa upole, kama anamvua mtoto kofia. Akavivaa yeye. Akafumba macho.

"Chenge," akasema. "Nipo. Sina usingizi."

Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Eee," akasema bibi.

Selina akaanguka na kichwa juu ya mashine. Nikamdaka. Alikuwa wa baridi, nguo zimelowa mpaka magotini. Alikuwa anapumua. Nikamkumbatia pale chini, nikaita jina lake, nikamwita tena, akanishika kidole.

Na bibi anaendelea. "Eee." Anasikiliza. "Eee." Mara moja alicheka, kicheko cha msichana, Masele akaziba uso. "Eee." Mwishowe akafumbua macho. Akavivua vile vidude, akaviweka mezani.

"Imeisha," akasema. "Ngoja nimsindikize. Nitarudi."

Masele akamshika mkono. "Bibi, usiende."

"Mjukuu wangu, mgeni hasindikizwi?" Akamtoa mkono. "Nimesema nitarudi."

Akatoka. Tukasikia katambuga zake koridoni, zinaburuta. Na pembeni yake tukasikia hatua nyingine. Za mtu aliyelowa. Zinakwenda mwendo wa bibi, kumsubiri. Mzee Bagenda alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa anaona korido yote. Mpaka anakufa hakuwahi kusema aliona nini.

Masele alipopata nguvu ya kukimbia, korido ilikuwa tupu. Chini kabisa, kwenye ngazi ya mwisho, pale maji yanapogusa saruji, palikuwa na katambuga. Zimepangwa pamoja. Zinatazama ziwa.

Wavuvi walitafuta. Hawakupata hata khanga. Huko Buswelu walijaa maneno, wengine wakasema si mliambiwa, ameruka na ungo, na Masele alimpiga mtu mmoja ngumi kwa neno hilo. Mimi ningempiga mwenzake. Mwishowe Masele akazika zile katambuga pale uani, na waya wake wa buluu, akajengea kama kaburi la mtu. Nilikuwepo. Niliona udongo ukishindiliwa.

Habari za Kipupwe zilitoka mwaka ule bila hadithi ya jiwe. Chama kilisikitika kwa kifo cha Bibi Kabula, mistari miwili. Mzee Bagenda hakurekodi tena mtu. Akawa na tabia, hata redio ikisoma habari anaitikia, hata mhubiri akiwa madhabahuni. Watu walimcheka. Mimi niliacha kumshuku, na ndiye mtu wa kwanza niliyewahi kumwomba radhi katika mji huu.

Kabla hajafa aliniletea ile kaseti. Alisema haifai kukaa ofisini, kwa sababu ofisi yenyewe haipo. Jengo lilishauzwa kwa watu wa minofu, likabomolewa, korido, chumba, ngazi, vyote. Niliisikiliza mara moja, hapa, mchana, milango wazi. Ilikuwa tupu. Hadithi haipo, kuku hawapo. Mvumo tu, kama maji chini ya mawe. Nilitaka kuizima. Huko mwishoni kabisa ikatoka sauti ya bibi, maneno ambayo hakuna aliyeyarekodi. Alikuwa kama mtu anayeaga mlangoni.

"Haya, nimekufikisha. Na wewe sasa nisogeze."

Niliitia kaseti motoni, ikaungua. Lakini neno haliungui. Ninyi mnajijua tabia zetu. Unamsindikiza mgeni mpaka kwake, naye akifika anasema aa, huwezi kurudi peke yako, ngoja nikusogeze. Mnarudi wote wawili. Mara ngapi mimi na Adventina tumesogezana mpaka giza?

Na bibi alisema atarudi. Mtu wa watu, hasemi uongo. Basi nikawa najiuliza, atarudi wapi? Chumba alichotokea hakipo. Alichokiacha pale ni kitu kimoja tu, naye ni huyu hapa, mmemweka katikati.

Miaka imepita bila neno. Selina amekaa vizuri, viatu anatupa ovyo, nami nafurahi kuviona. Mpaka juzi. Alikuwa anaosha vyombo, mgongo amenipa. Sahani ikasimama mkononi. Akainua uso kuelekea dirishani. Na ndugu zangu, akasema, "Eee."

Ndiyo maana nimewaita leo. Sikuwaita kwa ajili ya chai. Nataka nyumba hii ijae watu wanaoitikia, asubuhi mpaka jioni, kwa zamu kama mtakubali, asipate mtu nafasi ya kukaa. Sina ujanja mwingine. Nilipewa huyu mmoja tu.

Haya, ngoja nilete vikombe. Adventina, mshike mkono huyo, usimwachie.

Jamani. Nani kati yenu amekuja na katambuga? Hizi hapa kizingitini, vidole vimetazama ndani. Zimelowa. Zina udongo. Hii kamba imefungwa kwa waya. Na hivi vya ngozi ya ng'ombe, pembeni yake, ni vya nani?

Mbona mmenyamaza? Itikieni.

Si wewe, Selina.